Mtumishi wa Tisa

Hakuna kitu kilichoweza kufa Same bila Erasmo kupata habari zake ndani ya robo saa. Hivyo ndivyo alivyomwambia Zaituni asubuhi ya Jumatatu moja ya mwaka 2003, saa mbili kasoro, chapati mkononi na mafuta kidevuni. Zaituni, mpika chai na mfagiaji wa ofisi ya kampuni ya maji, alimjibu kwamba basi amwambie kuku wake wa juzi aliuawa na nani.

"Kuku hayumo kwenye seva, mama Zaituni," alisema Erasmo. "Mwingize kwenye seva, halafu uone kama atakufa kimyakimya."

Seva ilikaa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya koki na mabomba wakati maji yalipokuwa bado ya serikali. Lilikuwa boksi jeusi lenye feni, juu ya meza ya mbao, na Zaituni alikuwa amelifunika kitambaa cha kufuma kwa sababu, alisema, kitu cha bei kubwa hakikai uchi. Erasmo alikikunja kitambaa upande wa feni kila asubuhi ili mashine ipate kupumua, na kila jioni Zaituni alikinyoosha.

Ndani ya seva kulikuwa na programu nane zisizo na sura kwenye skrini. Zilifanya kazi chinichini, na Erasmo, aliyemaliza kidato cha nne na kozi ya kompyuta ya miezi tisa mjini Moshi, aliziita watumishi. Mmoja alisoma kina cha tangi kubwa. Mmoja alipima msukumo wa maji. Mmoja alifungua valvu ya upande wa stendi alfajiri na kuifunga jioni. Wengine nao walikuwa na kazi zao. Ubaya wa watumishi wa aina hiyo ni kwamba wakifa hawaanguki. Hakuna kishindo, hakuna kilio. Mnakuja kujua siku ya tatu, kina mama wakishajaa mlangoni na ndoo zao na maneno yao.

Erasmo alipewa mkataba wa miezi sita ili aondoe ubaya huo. Aliandika programu ya kuwachunga wenzake, akaiita mlinzi. Kila baada ya dakika tano mlinzi alimpitia mtumishi mmoja mmoja na kumuuliza: Upo? Mtumishi alijibu: Nipo. Akijibu vizuri, mstari wake kwenye skrini ulikuwa wa kijani. Akijibu kwa shida, ulikuwa wa manjano, na sababu iliandikwa pembeni. Akikaa kimya mara tatu mfululizo, ulikuwa mwekundu. Ukiwa wa manjano au mwekundu, simu ya Erasmo ililia. Ilikuwa simu ya kampuni, yenye antena ya kuchomoza na uzito wa kutosha kupigilia msumari.

Meneja, Bwana Gideoni, aliletewa kiti akaonyeshwa. Erasmo alimuua mtumishi mmoja mbele yake kwa kubonyeza kitufe, wakanywa chai, na kabla ya dakika ya kumi na tano simu ikalia. Bwana Gideoni alipiga makofi. Alisema Ijumaa ya wiki inayofuata wenye hisa watakuja kutoka Dar kuona kampuni inavyokwenda kisasa, na wakikuta skrini ya kijani kutoka juu mpaka chini, Erasmo ataajiriwa moja kwa moja. Erasmo alimwambia mama yake jioni hiyo. Mama yake aliwaambia kwaya nzima.

Jumanne asubuhi skrini ilikuwa na mistari tisa.

Mstari wa tisa uliandikwa HEZRONI. Muda kazini: miaka thelathini na nane na miezi minne. Hali: yupo. Ulikuwa wa manjano, na pembeni paliandikwa: goti la kushoto.

Erasmo alidhani ni utani wa wenzake wa Moshi, akajaribu kuufuta. Mashine ilimuuliza: Watumishi wanane wanamtegemea huyu. Uendelee? Aliondoa kidole kwenye kitufe, akaenda kumwita Zaituni, ambaye hakujua kompyuta ila aliwajua watu wa Same wote.

"Huyo si ndiye mzee Hezroni wa banioni, kule mlimani maji yanakoanzia?" alisema Zaituni, ufagio mkononi. "Kumbe bado yupo?"

"Unamjua?"

"Nani asiyemjua? Zamani yeye ndiye aliyekuwa anatuletea maji. Akichelewa kuamka, Same nzima haiogi."

Bwana Gideoni alifungua kabati na kutoa faili. Alieleza bila hasira kwamba Hezroni alipunguzwa kazi mwaka 2000, maji yalipohamia kwa kampuni, pamoja na walinzi wengine wote wa mabanio, watu sitini kwa jumla. Kazi yao sasa ilifanywa na maboksi yenye antena.

"Lakini bado yupo, bosi," alisema Erasmo.

"Hawezi kuwepo. Hayumo kwenye orodha."

Ndani ya faili kulikuwa na barua ya kumwachisha kazi. Ilikuwa imetumwa kwenye sanduku la posta ambalo Hezroni hakuwa nalo, ikarudi, ikawekwa mahali pake kwa mpangilio wa alfabeti. Bwana Gideoni alimpa Erasmo aipeleke mwenyewe.

Jumatano Erasmo alipanda mlimani kwa lori la kampuni mpaka barabara ilipokata tamaa. Kijijini alipita kwenye duka lenye simu, akaandika namba ya duka kiganjani, kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda namba. Kutoka dukani mpaka banioni ni dakika ishirini kwa miguu, kwenye ukungu, katikati ya migomba na mashamba ya tangawizi. Same, kule chini, jua lilikuwa likikausha mbuzi wakiwa hai. Huku juu aliona pumzi yake mwenyewe.

Banio lilikuwa ukuta wa mawe uliokatisha kijito, na mdomo wa bomba uliowekwa wavu. Pembeni kulikuwa na boksi la chuma lenye sola na antena, na kibao kilichoandikwa MALI YA KAMPUNI, USIINGIE, kikiwa kisafi kuliko vibao vingi vya wilaya. Ndani ya maji alisimama mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, suruali imekunjwa mpaka magotini, anatoa majani kwenye wavu kwa mikono. Aliyarundika upande wa kushoto, rundo moja, limenyooka kama tuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye hili boksi?"

"Ndiyo, mzee."

"Halina adabu. Kutwa kucha, upo, upo, upo. Halijui hata shikamoo. Mimi ni babu wa mtu." Alitupa konzi la majani. "Lakini nimeulizwa, nifanyeje? Nikajibu."

Erasmo aliomba radhi kwa niaba ya boksi, akaahidi kulifundisha. Aliuliza majani hutolewa mara ngapi. Mzee alisema kila yanapojaa: asubuhi, saa nne, saa saba, na jioni. Asipoyatoa, kufika saa kumi Same hakuna tone. Boksi lilipima maji vizuri sana, alisema, hana ugomvi nalo. Ila halina mikono.

Juu ya kibao, kwenye mti, ilining'inia pembe ya msaragambo. Erasmo, ambaye mama yake alizaliwa milimani, aliijua: ikipigwa, kila mwenye jembe anaacha alichoshika na kwenda kwenye kazi ya wote, iwe kuzibua mfereji au kukarabati ndiva, lile bwawa wanaloliziba jioni na kulifungulia asubuhi. Ndiva ya babu yake Hezroni ilikuwa hapo hapo chini ya banio, imeota nyasi. Kampuni ilipoweka kibao chake, misaragambo ilikoma.

"Ukiumwa huku peke yako unafanyaje?" aliuliza Erasmo. "Unapiga pembe?"

Mzee alimtazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto wa mjini.

"Pembe ni ya maji, mwanangu. Haipigwi kwa ajili ya mtu mmoja. Maji yakiwa yanakwenda vizuri, unawaitia watu nini?"

Ndipo Erasmo akatoa barua. Mzee alijifuta mikono kwenye shati, akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akairudisha. Miwani ilivunjika mwaka jana. "Nisomee."

Barua ilikuwa na mistari minne. Erasmo aliisoma kimoyomoyo mara moja. Kisha akasoma kwa sauti: "Ndugu Hezroni. Kampuni inakusalimu sana. Inakushukuru kwa kazi yako ya miaka mingi. Inakuomba uendelee kama kawaida."

Mzee alikuwa amevua kofia ili kusikiliza. "Wamechelewa," alisema, "lakini wameandika." Aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akauweka kwenye mfuko wa shati, akampakulia Erasmo makande yaliyopoa.

Wakati wa kushuka Erasmo alijiambia kwamba amefanya vile kwa sababu ya ile kofia. Ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ilikuwa wale watumishi wanane na skrini ya kijani.

Alhamisi aliiandika ile namba ya duka kwa chaki ukutani, juu ya seva. Halafu aliongeza neno kwenye programu yake, ili mlinzi akifika mstari wa tisa aanze na Shikamoo. Jibu lilirudi mara moja: Marahaba. Nipo. Mstari ukawa wa kijani kwa saa mbili nzima. Kisha ukarudi manjano: goti.

Wiki hiyo simu ililia mara nyingi. HEZRONI: majani mengi leo. HEZRONI: hajala tangu jana. HEZRONI: mvua, kofia imelowa. HEZRONI: kifua. Erasmo alimsomea Zaituni meseji zote, mwanzoni kwa kuigiza sauti ya mzee, baadaye kwa sauti yake ya kawaida. Zaituni alifunga sukari na mkate kwenye gazeti akampa dereva wa lori. Kesho yake pembeni ya mstari paliandikwa: chai tamu.

Erasmo alikwenda kwa meneja. Alisema mzee ana kifua, aandikwe upya kwenye orodha, au apelekewe mtu wa kumsaidia. Bwana Gideoni, mzee wa kanisa na mtu mwema, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nikimwandika huyu," alisema, "nitakuwa nimesema tulimpunguza mtu anayehitajika. Wageni watauliza habari za wengine hamsini na tisa. Nitawajibu nini? Wewe ungewajibu nini?"

Erasmo aliinuka, akarudisha kiti mahali pake.

"Ijumaa nataka kijani," alisema Bwana Gideoni. Na asubuhi iliyofuata, kwenye sala ya ofisi, alimwombea Hezroni kwa jina.

Ilipobaki siku moja wageni wafike, jioni, Erasmo alikaa mbele ya seva, akaandika amri moja fupi: mstari wa tisa uwe wa kijani siku zote, bila kujali.

Amri hiyo iligusa rangi tu. Simu haikuguswa, ingelia kama kawaida kama kungekuwa na jambo la kuiliza. Lakini Ijumaa ile mtandao wa simu ulikatika tangu saa tatu asubuhi. Ilikuwa kawaida siku zile; mnara wa Same ulikuwa na maringo. Hata kama mlinzi angetuma kengele kumi, zisingefika kwenye simu ya mtu yeyote. Hilo ni vizuri likaeleweka mapema, kabla watu hawajaanza kuongea.

Wageni walikuwa wanne, wanaume watatu na mama mmoja, wamevaa makoti kwenye joto la kupasua mawe. Walinyweshwa soda. Walitazama skrini. Mama wa Dar aliuliza mbona wengine wana majina ya kazi na huyu wa tisa ana jina la mtu. Bwana Gideoni alisema huyo ni wa akiba. Waliandika kwenye daftari neno akiba. Mchana walikula mbuzi, na kabla ya jua kuzama Erasmo alikuwa ametia saini ajira ya kudumu.

Hezroni alifariki Ijumaa hiyo hiyo, kati ya saa tano na saa sita. Aliishi peke yake, hivyo alikutwa Jumapili, na kina mama waliokwenda kukata majani ya ng'ombe. Alikuwa ameketi, mgongo kwenye boksi la chuma, mkono mmoja ndani ya maji. Pembe ilikuwa juu ya kichwa chake, angeifikia bila kuinuka. Hakuipiga. Wavu ulikuwa safi na maji yalikuwa yanakwenda vizuri.

Jumatatu habari zilifika ofisini kwa mdomo wa dereva wa lori. Erasmo aliingia stoo, akafunga mlango, akaifuta ile amri ya rangi ili aone mstari ukigeuka mwekundu kama inavyotakiwa. Alingoja. Mlinzi alipita.

Shikamoo. Upo?

Marahaba. Nipo.

Mstari ulibaki kijani, kijani cha kweli. Goti halikutajwa. Kifua hakikutajwa. Muda kazini uliongezeka kwa dakika tano.

Mzee alizikwa Jumanne, na waliokwenda kuzika walipitia banioni. Wavu ulikuwa umesafishwa asubuhi hiyo. Majani mabichi yalikuwa upande wa kushoto, rundo moja, limenyooka kama tuta. Wazee wawili walilisalimia banio, kisha watu wakaendelea na safari, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Tangu siku hiyo jirani mmoja aliacha bakuli la makande juu ya ukuta kila jioni, na asubuhi alilikuta limeoshwa na kufunikwa. Maji ya Same hayakukatika hata saa moja.

Bwana Gideoni alilitafakari jambo hilo siku nzima, akaliona halina tatizo. Aliye hai lazima awe kwenye orodha au asiwe kazini. Kuhusu marehemu, taratibu za kampuni hazikusema kitu. Kwenye sala ya Jumatano alishukuru.

Alhamisi alikuja Rogathe, binti wa marehemu, muuguzi wa hospitali ya Gonja. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amejifunga kanga nyeusi juu ya gauni, na viatu vyake vilikuwa na udongo wa mlimani. Zaituni alimwingiza stoo na kumpa kiti.

"Kaka, wewe ndiye Erasmo?"

"Ndiyo, dada. Pole sana."

"Nimeshapoa. Baba alinisimulia habari zako. Alisema kuna kijana mjini amelifundisha boksi kusalimia." Alitoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko ile barua. "Hii ulimsomea wewe?"

"Mimi."

"Nisomee na mimi."

Erasmo aliisoma kama ilivyoandikwa, mistari yote minne. Feni ya seva ilizunguka. Rogathe alisikiliza kama anasomewa majibu ya maabara ya mtu mwingine.

"Sikuja kukugombeza kwa hii," alisema. "Alifurahi. Aliitembeza kijiji kizima, na kwa kuwa ilikuwa ndani ya nailoni hakuna aliyeomba kuisoma. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Baba alisema hili boksi likimuuliza akajibu kwamba anaumwa, wewe huku unapata kengele."

"Ndiyo."

"Kifua chake mimi nakijua. Vidonge vilikuwa nyumbani, kwenye kopo la majani ya chai, na pale dukani wanajua kopo liko wapi. Ni dakika ishirini." Alitazama ukutani, kwenye namba ya chaki, akaisoma taratibu mpaka mwisho. "Ijumaa ile kengele ililia?"

"Mtandao ulikatika, dada," alisema Erasmo. "Tangu saa tatu asubuhi."

Zaituni alikuwa ameingia na trei. Aliweka kikombe mbele ya Rogathe, akatia sukari vijiko viwili, akakoroga mpaka ikayeyuka yote.

"Mtandao ulikuwepo," alisema.

Kisha alimgeukia Erasmo.

"Ililia mara tatu, mwanangu. Nilikuwa hapo mlangoni nafungua soda za wageni. Ya kwanza uliisoma. Ya pili uliisoma ukaiweka mfukoni. Ya tatu uliisoma, ukaizima kabisa. Yule mama wa Dar akakuuliza nani huyo anayekusumbua, ukamwambia ni mama yako anauliza kama umekula. Wakacheka wote." Aliifuta trei kwa upindo wa kanga, ingawa ilikuwa kavu. "Na mimi nilicheka."

Maelezo ya mtandao kukatika, yaliyotolewa hapo juu, yafutwe.

Rogathe alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. "Ya kwanza ilisemaje?"

"Kifua," alisema Erasmo.

"Ya pili?"

"Amekaa chini."

"Na ya tatu?"

Erasmo aliitazama skrini. Mistari yote tisa ilikuwa ya kijani, kutoka juu mpaka chini.

"Ya tatu haikuwa na ugonjwa," alisema. "Ilikuwa na neno moja. Aliuliza, upo?"

"Ukamjibu nini?"

Erasmo alitoa simu mfukoni, akaiweka mezani kando ya seva.

"Alishaizima," alisema Zaituni. "Nilimwona."